Uzi: Namna ya kusoma fumbo la usaliti kwenye taarabu, ubeti kwa ubeti

Fundi wa Vina

Wakuu, heshima kwenu.

Kila wimbo wa taarabu ukipandishwa mtandaoni, hapo chini watu wameshahukumu: huyu kaimbiwa fulani, yule kaibiwa mume na fulani. Maneno yenyewe hayajasomwa. Naomba humu tusome maneno kwanza, na majina ya watu tuyaache kabisa.

Kabla ya kutafuta maana, hakikisha unayo maandishi sahihi. Nyimbo nyingi za taarabu ya zamani zina mishororo mitatu kwa ubeti, kila mshororo una vipande viwili, na kila kipande mizani (silabi) nane. Kwa hiyo andika unachosikia, kisha hesabu. Mwimbaji hurudia mshororo mara mbili na waitikiaji wakaudaka tena, kwa hiyo futa marudio yote kabla ya kuhesabu. Usihesabu kwa sauti pia, maana sauti huvuta silabi moja pumzi nzima. Hesabu kwa maandishi: "kaa" ni mizani mbili, "mtu" ni mbili, "ndani" ni mbili wala si tatu. M au N inayosimama peke yake (m-tu, n-chi, u-ka-m-pa) ina mizani yake. Iliyoungana na konsonanti inayofuata (mba-o, nda-ni) haina.

Faida yake ni hii. Tuseme umeandika:

*Nilikupa ufunguo, ukampa jirani yangu*

Kipande cha kwanza ni nane, cha pili ni tisa. Kuna kitu umesikia vibaya. Rudi usikilize, utakuta ni:

*Nilikupa ufunguo, ukampa na jirani*

Nane kwa nane. Ona maana ilivyogeuka. Kwa andiko la kwanza msaliti ana mtu mmoja. Kwa la pili ile "na" inasema jirani ni mmoja katika orodha. Mizani moja imebadilisha kosa zima.

Lakini mizani haikulindi kila mahali. "Si kila mtu huchota" ni nane, na "kila mtu anachota" ni nane vilevile, na ni kinyume chake kabisa. Hapo sikiliza rekodi zaidi ya moja.

Maandishi yakishakaa sawa, uliza maswali haya kabla ya kutaja "mchepuko": Nani anasema? Anamwambia nani? Kitu gani kimepewa jina la kitu gani, na je, picha hiyo imeshikiliwa mpaka ubeti wa mwisho? Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke kwenye kitenzi. "Amenitupa" yaweza kuwa ya mke au ya mume. Msije mkaamua kwa sauti ya mwimbaji. Wanawake wengi wameimba maneno yaliyotungwa na wanaume, na kinyume chake.

Ili tufanye mazoezi bila kumgusa msanii yeyote, nimetunga beti mbili na kiitikio kwa ajili ya uzi huu. Nipeni tafsiri.

*Nimetia nanga pwani, chombo changu hakitoki,*
*Kimejaa tele ndani, mzigo haupunguki,*
*Wageni wa bandarini, kukipanda hawachoki.*

*Miezi saba bahari, salamu hazikufika,*
*Mbao zataka nadhari, bila sifa zapasuka,*
*Jirani fundi mahiri, kila jioni hupaka.*

Kiitikio: *Nahodha yuko safari, tanga latwekwa na nani?*

---

Mdadisi

Asante mkuu. Naanza mimi. Anayesema ni mume, ndiye nahodha. Yuko safarini, amesikia mke wake (chombo) anapandwa na wageni bandarini, na jirani ndiye mwizi. Analalamika.

---

Fundi wa Vina

Tafsiri nyingi zitaanzia hapo, ndiyo maana nimeuweka ubeti huu. Rudi kwenye kiitikio: "nahodha yuko safari". Anayesema angekuwa nahodha, angesema "niko safari". Na ubeti wa kwanza unaanza "nimetia nanga pwani". Msemaji yuko pwani. Hawezi kuwa pwani na safarini kwa wakati mmoja.

---

Baharia wa Kusi

Hapo ndipo wasiojua vyombo hukwama. Kwenye majahazi, mwenye chombo na nahodha kwa kawaida ni watu wawili. Mwenye chombo, tajiri wake, anaweza asipande hata siku moja. Nahodha amekabidhiwa tu. Kwa hiyo "chombo changu" na "nahodha" vinaweza kukaa wimbo mmoja bila mgongano: msemaji ndiye mwenye chombo, nahodha ni mtu mwingine.

Basi msemaji ni mwanamke. Chombo ni nafsi yake mwenyewe na anakiita "changu". Nahodha ni mume aliyekabidhiwa. Ukisoma hivyo, "kukipanda hawachoki" si malalamiko ya mume. Ni kauli ya mke mwenyewe.

Na "sifa" humo ndani msiisome kwa maana moja. Sifa ni yale mafuta ya papa yanayopakwa mbao za chombo zisikauke na kupasuka. Chombo kikikaa juani bila kupakwa, mbao hujikunja, maungio huachia, na kikirudishwa majini kinavuja. Kwa hiyo mshororo una tabaka mbili zinazokwenda sambamba: chombo kisichopakwa mafuta kinapasuka, na mke asiyesifiwa anapasuka moyo. Jirani anapaka "kila jioni". Anampa maneno matamu ambayo barua za mume hazikuleta.

---

Mwanamvita

Ndugu zangu, Fundi kagusa mizani, nami niongeze lahaja, kwa kuwa nyimbo za Mombasa na Lamu huharibiwa sana na waandishi wa mtandaoni. Anayejua Kiswahili cha shule peke yake husikia neno la Kimvita akaliandika kwa neno jingine lenye sauti hiyohiyo. Mifano inayohusu nyimbo za mapenzi:

"Ndoo" ni njoo. "Tini" ni chini. Nimeona mshororo wa "ndoo tini ya mkungu" ukifafanuliwa kwamba kuna ndoo ya maji na tunda la tini, na mfafanuzi akajenga juu yake maelezo marefu ya tunda lililoliwa kwa siri. Ni mtu anaitwa aje chini ya mti wa mkungu, basi.

"Mato" ni macho. "Ndia" ni njia. "Mtanga" ni mchanga.

La hatari kuliko yote ni "kuteka", maana yake kucheka. Kwenye wimbo wa usaliti, "watu wanateka" ina maana watu wanacheka, yaani aibu imeshatoka nje ya nyumba. Asiyejua huandika kwamba watu wamemteka mpenzi, na hapo wimbo wa fedheha unageuka wimbo wa unyang'anyi.

Njia ya kujikinga: kabla ya kufasiri, tafuta ushahidi wa lahaja ndani ya wimbo huohuo. Ukiona "yuwaja", "mato", au "ndia" hata mara moja, chukulia kwamba kila "t" na kila "nd" yenye utata inaweza kuwa "ch" au "nj". Kisha ijaribu kila moja kwenye sentensi.

---

KangaMbili

Nimefurahi uzi huu umefunguliwa. Mimi nina jambo moja ambalo linanikera kila siku: si kila mtu wa tatu kwenye wimbo ni mchepuko.

Taarabu imekulia kwenye jamii ya Kiislamu ya pwani ambako mume anaweza kuoa hadi wake wanne. Ukewenza una maumivu yake na nyimbo zake, lakini haumo kwenye fungu la usaliti. Maneno ndiyo yanayotenganisha. Ukikuta "zamu", huo ni ukewenza, kwa sababu zamu ni haki ya kila mke kulaliwa kwa mpangilio. Hawara hana zamu. Ukikuta "mke mwenza" au "mwenzangu" pamoja na "posa", "mahari", "ndoa", ni hivyohivyo. Usaliti huja na maneno ya kujificha: kuiba, kunyemelea, dirisha, gizani, mlango wa uani, paka, panya, ufunguo.

Halafu kuna talaka. Mume akitoa talaka moja au mbili, anaweza kumrejea mke ndani ya eda bila ndoa mpya. Eda ni muda ambao mke aliyeachwa au aliyefiwa hungoja kabla ya kuolewa tena. Zikifika talaka tatu hawezi kumrudia mpaka mke aolewe na mwingine na ndoa hiyo ivunjike. Wimbo unaosema "tatu zimekamilika, unataka nini kwangu" mara nyingi unahusu mume aliyeacha kabisa halafu anarudi kubisha hodi. Watu wanasema ana wanawake watatu! Na ukisikia miezi minne na siku kumi, anayesema ni mjane, maana hiyo ndiyo eda ya kufiwa. Hapo hakuna msaliti yeyote, kuna kifo.

Kwa hiyo ukiona namba kwenye taarabu, usiipite. Namba hiyo ina kazi.

---

Mdadisi

Dada KangaMbili, basi hata "miezi saba" ya Fundi ina kazi?

---

Baharia wa Kusi

Ina kazi, na nilikuwa nangoja mtu aulize.

Majahazi ya pwani yetu yalifuata pepo mbili. Kusi huanza kuvuma kama mwezi wa nne na kuvipeleka vyombo kaskazini, Arabuni na Ghuba. Kaskazi hushika kama Novemba au Desemba na kuvirudisha huku. Aliyeondoka mwanzoni mwa kusi, hata angetaka, asingerudi kabla ya kaskazi. Hesabu kuanzia Aprili mpaka Novemba: ni miezi saba.

Maana yake, nahodha huyu hajachelewa. Upepo wa kumrudisha ndiyo kwanza unaanza. Mke anaitaja miezi saba kama hoja ya kuachwa, lakini msikilizaji wa pwani anajua kwamba huo ni muda wa kawaida wa safari. Ningekuwa nafasiri wimbo huu, ningeandika kwamba mtunzi ametia ushahidi dhidi ya msemaji wake ndani ya maneno ya msemaji mwenyewe.

Lakini kuna la pili, nalo linambana mume. Chombo kiko pwani, kimetia nanga. Nahodha yuko safari. Nahodha hasafiri kwa miguu. Kama chombo chake kiko hapa, basi kapanda kingine. Soma sasa wimbo wote upya: mke anapakwa maneno matamu na jirani, na mume yuko kwenye chombo cha mtu mwingine. Usaliti uko pande zote mbili, ila mmoja tu ndiye anayesikika.

---

Fundi wa Vina

Baharia, umeufungua. Hilo la chombo kingine ndilo nililificha, na sikuliweka kwenye mshororo wowote kwa makusudi. Liko kwenye nafasi kati ya "chombo changu hakitoki" na "nahodha yuko safari". Mafumbo mazuri ya watunzi wetu hukaa hapo, kati ya mishororo miwili iliyo wazi kila mmoja peke yake.

---

Santuri78

Nami niongeze upande wa rekodi. Mnapochambua nyimbo za zamani, kumbukeni santuri ya inchi kumi iliyozunguka mara 78 kwa dakika ilibeba kama dakika tatu kila upande. Siti binti Saad na wenzake walikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na nyimbo za enzi hiyo zilibidi ziingie kwenye nafasi hiyo. Wimbo ambao ukumbini ungeimbwa beti saba, kwenye santuri huenda ukabaki na tatu. Wakati mwingine uligawanywa pande mbili za sahani, na aliyeupandisha mtandaoni kaweka upande mmoja tu.

Hili linaharibu tafsiri kwa namna maalumu. Watunzi wengi huanza na picha (ua, ndege, kisima), wakaijenga, halafu ubeti wa karibu na mwisho ndio unaosema ni nani na kosa lake nini. Ukikatiwa huo, unabaki na ua na nyuki, na unadhani ni wimbo wa kusifu mapenzi. Dalili za wimbo uliokatwa: picha haijafungwa, kiitikio kinauliza jambo ambalo hakuna ubeti unaoligusa, au muziki unaishia katikati ya mzunguko. Tafuta upande wa pili kabla ya kuandika chochote.

Taarabu ya kisasa ina tatizo kinyume. Wimbo unaweza kupita dakika kumi, na sehemu ya mwisho yenye mdundo wa kasi ina mipasho ya kuchagiza ukumbi ambayo haikuwamo kwenye shairi. Msichanganye. Chambueni shairi kwanza, mipasho kando.

---

Mdadisi

Na wale wanaokwenda kutunza jukwaani? Nimeona video mtu anamwaga noti huku kamkazia macho mwingine. Si ushahidi huo wa nani kaimbwa?

---

KangaMbili

Ni ushahidi wa anayetunza, mdogo wangu, si wa mtunzi. Mwanamke mwenye ugomvi wake anasikiliza wimbo, anangoja mshororo unaosema anachotaka kusema, anainuka wakati huohuo anakwenda kutunza. Wimbo uleule usiku uleule unaweza kutumiwa na wanawake watatu dhidi ya watu watatu. Kama alivyovaa kanga yenye jina analotaka lisomwe na jirani: maneno yalichapwa kiwandani, lakini leo ni yake.

Hata hivyo video ina faida kubwa kwa mchambuzi. Angalia watu wengi wanainuka kwenye mshororo upi. Huo ndio mshororo ambao ukumbi umeuona ndio kiini. Usitazame wanaokuja wakati wa kiitikio au kwenye mdundo wa kasi, wengi wao wanacheza. Tazama wanaoinuka katikati ya ubeti, tena wanaorudi mahali palepale mwimbaji akirudia. Kwenye huu wa Fundi, nina hakika wangeinuka kwenye "jirani fundi mahiri".

---

Santuri78

Na kabla ya kusema "mwizi wa mume", angalieni kama wimbo ni jibu. Miaka ya 1990 ushindani wa makundi ya TOT (Tanzania One Theatre) na Muungano Dar es Salaam ulijulikana na kila mpenzi wa taarabu. Kwenye mazingira ya makundi yanayoshindana, "umenichukulia wangu" inaweza kuwa mwimbaji aliyehamia kundi jingine, na "hana raha kwako, atarudi" ikawa majigambo ya kundi kwa kundi. Panga nyimbo kwa tarehe za kutoka. Ukikuta mbili za makundi mawili zinatumia picha ileile, moja ikiuliza na nyingine ikijibu, zisome pamoja.

---

Mwanamvita

Methali nazo zina mtego. Mtunzi akitaja "mbacha" na "msala", anakuelekeza kwenye *usiache mbachao kwa msala upitao*: mkeka wako mchakavu usiutupe kwa ajili ya mkeka wa swala unaopita. Hapo mke wa zamani ndiye mbacha, na msemaji kwa kawaida ni yeye au anayemtetea. Akitaja tezi, omo na ngama, ni *mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani*: anayezunguka nyuma na mbele ya chombo, mwisho hurudi tumboni mwake. Huo ni wimbo wa mke anayengoja kwa kujiamini, si wa anayelia. Nao *kikulacho ki nguoni mwako* huashiria msaliti ni rafiki au ndugu, kwa hiyo usiende kutafuta hawara wa mbali.

Lakini msikilize kama methali imeachwa ilivyo au imegeuzwa. Mtunzi hodari hubadilisha neno moja, na hapo ndipo alipoweka lake. Ukiisoma kwa mazoea, unapita.

---

Mdadisi

Nimeelewa mengi. Swali langu la mwisho kwa Fundi: "kukipanda hawachoki" anajisifu au anajuta? Na kiitikio kinasema tanga linatwekwa, yaani linapandishwa, ilhali ubeti wa kwanza unasema nanga iko chini. Chombo kilichotia nanga kinatwekaje tanga?

---

Fundi wa Vina

Hakitweki ili kusafiri. Ukitweka tanga nanga ikiwa chini, chombo kinatikisika na kulalia ubavu, lakini hakiendi popote. Ndiyo picha yenyewe: kuna mwendo ndani ya nyumba hiyo, na hakuna safari. Atakayeitafsiri "tanga" kuwa mume mpya wa ndoa atakwama hapo, kwa sababu ndoa ingekuwa safari.

Kuhusu kujisifu au kujuta, angalia alivyopanga ubeti wa kwanza. Vipande vinne vya mwanzo vyote ni vya mwenye mali: nimetia, changu, kimejaa, haupunguki. Neno la aibu halimo. Ubeti wa pili ndio unaoanza kutoa sababu: miezi, salamu, mbao. Mtu anayejisifu hatoi sababu. Kwa hiyo mimi nasoma hivi: ameanza kwa kiburi, kikamwishia kwenye mshororo wa tatu alipotaja wageni, na kuanzia hapo anajitetea.

Anajitetea kwa nani? Tazama nani anaimba nini. Beti huimbwa na mwimbaji mmoja. Kiitikio huimbwa na waitikiaji wote. Basi "nahodha yuko safari, tanga latwekwa na nani?" si maneno yake yeye. Ni ya mtaa. Wanauliza baada ya ubeti wa kwanza, naye anajibu kwa habari ya mbao na mafuta. Wanauliza tena baada ya kusikia "jirani fundi mahiri", wakati jibu limeshatajwa.

Mkiandika tafsiri ya wimbo wowote wenye waitikiaji, gawanyeni sauti hizo mbili kwenye karatasi, moja kushoto na nyingine kulia, ndipo muanze. Nitaweka ubeti mwingine wa mazoezi wiki ijayo, huo utakuwa wa kisima.